Familia ya Muheza: pedali za mkono

*Hamisi:* Shikamoo Mjomba, shikamooni wakubwa wote. Nataka nifunge pedali za mkono kwenye baiskeli ya kubebea machungwa, mikono na miguu visukume pamoja. Vilima vinanimaliza.

*Mjomba Fundi:* Marahaba. Wazo zuri. Wajerumani wanayo ya namna hiyo, Varibike. Ila mikono ikizungusha, usukani unaushikaje?

*Hamisi:* Pedali zenyewe ndizo usukani.

*Mjomba Fundi:* Basi krenki, vile vyuma vinavyoshika pedali, ikae kwenye uma wa mbele, cheni ishukie gurudumu la mbele, vyote vikate kona pamoja. Na mikono ipande pamoja, ishuke pamoja. Ukiipishanisha kama miguu, uma utavutwa kushoto na kulia kila mzunguko, na magunia ya machungwa yako nyuma!

*Mama Mdogo:* Na breki je?

*Mjomba Fundi:* Umeuliza la maana, dada. Ile ya kurudisha pedali nyuma kwa mguu.

*Rehema:* Hamisi, usitarajie nguvu maradufu. Damu inagawiwa na moyo mmoja. Watafiti wa Denmark walipima 1977: mtu anakazana kwa miguu, akiongezewa kazi ya mikono, damu ya miguuni inapungua. Kilima kifupi utasaidika. Safari ndefu, faida ni ndogo.

*Hamisi:* Kwa hiyo niache?

*Mjomba Fundi:* Usiache. Mimi namfikiria Mwanaidi. Ile ya magurudumu matatu anayotumia ni ya mkono tu. Mguu wake mmoja ni dhaifu, lakini wa pili mzima, na hauna kazi! Mikono ivute mbele, mguu usukume nyuma, mabega yapumue.

*Mwanaidi:* Nimesoma yote. Bega la kulia linaniuma kila jioni, Mjomba. Naitaka sana.

*Hamisi:* Dada, machungwa yatasubiri. Nina krenki mbili na fremu ya zamani, zote zako.

*Mjomba Fundi:* Mbele na nyuma kila moja iwe na friwili yake, mikono ikitulia mguu uendelee. Pedali ya mguu tuitie mkanda, maana mguu mmoja ukifika chini kabisa hukwama, lazima uweze pia kuvuta. Mwanaidi, njoo Jumamosi nikupime. Krenki ya mkono isipite usawa wa mabega.

*Mama Mdogo:* Nitamleta mwenyewe asubuhi. Cheni ya pili nanunua mimi.

*Mjomba Fundi:* Nunua mbili, dada. Ya kwenda mbele ni ndefu, tutaziunga.