Vijana wanane wenye ulemavu wa akili, wasaidizi wawili: tupange vipi? (Katuba, Lubumbashi)

MamaKatuba
Wapendwa, salamu. Sisi ni familia za komine Katuba. Tuna vijana wanane wenye ulemavu wa akili, umri miaka 14 hadi 27. Watatu wana kifafa, mmoja hasemi kabisa. Parokia imetupa ukumbi, nasi tumechanga ili kuwalipa wasaidizi wawili. Tulifikiri vijana wote wakae ukumbini saa mbili asubuhi hadi saa nane, kila siku. Je, ni sawa? Na kitu gani kiwe tayari kabla hatujafungua?

YayaKenya
Mama, msiwaweke wote pamoja siku nzima. Watu wanane kwa wasaidizi wawili maana yake anayelia ndiye atakayehudumiwa, na wapole watakaa kwenye benchi mpaka saa ya kurudi. Tena, kinachofundishwa ukumbini hubaki ukumbini: kijana anazoea bomba la parokia, halafu nyumbani anakuta ndoo na kopo, hajui aanzie wapi.

Wagawe wanne wanne. Kundi la kwanza Jumatatu na Jumatano asubuhi, la pili Jumanne na Alhamisi. Mchana wasaidizi waende manyumbani. Kila kijana akipata ziara mbili za saa moja kwa wiki, jumla ni saa 16, yaani saa nane kwa kila msaidizi. Inawezekana. Ijumaa iwe ya kutoka: soko la komine Kenya hapa mjini, kinyozi, kwaya, popote ambapo watu wa umri wao wanaenda.

Kabla ya kufungua, kila kijana awe na karatasi moja, upande mmoja tu, iliyoandikwa pamoja na mama yake na yeye mwenyewe. Anapenda nini. Anasemaje "ndiyo", "hapana" na "naumwa". Kwa yule asiyesema hapo ndipo pa kutumia muda mwingi, maana mama anajua kwamba akivuta sikio ni kichwa, lakini msaidizi hajui. Dawa na saa zake. Chakula kinachomkaba. Mwisho, jambo moja analotaka kuliweza ndani ya miezi mitatu. Moja, si kumi.

MsaidiziRuashi
Naongeza upande wa kufundisha, kwa sababu hapo ndipo wengi wanakwama.

Kazi ivunjwe vipande. Kuvaa shati la vifungo: kulishika kwa kola, mkono wa kwanza, mkono wa pili, kuvuta mbele, kifungo cha kwanza, na kuendelea. Halafu anza kutoka mwisho. Msaidizi afanye yote, kijana afunge kifungo cha mwisho peke yake. Akikiweza, mwachie viwili vya mwisho. Faida yake ni kwamba kila mara yeye ndiye anayemaliza, anaondoka na shati lililovaliwa vizuri na sifa zake.

Msaada uwe wa ngazi: mkono juu ya mkono, kisha kugusa kiwiko tu, kisha kuonyesha kwa kidole, kisha kumwacha. Kati ya ngazi na ngazi subirini, hesabuni polepole hadi kumi. Kosa kubwa ni maneno. Msaidizi anayesema "sasa kifungo, sasa kingine" anamzoeza kijana kusubiri sauti, na sauti ni ngumu kuliko mkono kuiondoa baadaye. Nyamaza, onyesha kwa kidole.

Kwenye daftari wekeni alama tu: + amefanya mwenyewe, – amesaidiwa. Ikija – wiki mbili mfululizo, kipande ni kikubwa mno. Kikateni tena, kijana hana kosa.

MuuguziKampemba
Kwa wale watatu wa kifafa: wasikae karibu na mbabula (jiko la makaa) wala sufuria ya maji moto. Wapewe kazi za kupika za mezani, kama kuchambua lengalenga (mchicha).

Akianguka, mlaze kwa ubavu, weka nguo iliyokunjwa chini ya kichwa, tazama saa. Usimtie kijiko mdomoni, usimnyweshe maji, usimkandamize. Ikipita dakika tano, au akianguka tena kabla hajapata fahamu, peleka hospitali. Mate yake hayaambukizi kifafa, na hili waambieni majirani wote wa avenyu, kwa sababu hofu hiyo ndiyo inayowafanya watu wamkimbie anapohitaji mkono.

Dawa isikatwe ghafla hata kama amekaa mwaka bila kuanguka. Kukata fenobabitali, dawa ya kifafa, siku moja kunaweza kuleta degedege zinazofuatana bila kukoma. Nunueni zikibaki za siku saba. Kwa wasichana, waulizeni madaktari kuhusu valproati, dawa nyingine ya kifafa, maana inadhuru mtoto tumboni. Wenye kifafa kisichotulia wapelekeni kwenye kituo cha Docteur Joseph Guislain hapa mjini.

Jingine: kijana mtulivu akianza ghafla kujipiga kichwa au kuuma watu, msiseme ni ukaidi. Tazameni jino, sikio, tumbo lililofunga. Anayekabwa ale akiwa wima, kidevu chini kidogo, bukari (ugali) laini yenye mchuzi, tonge dogo, na asilale nusu saa baada ya kula.

MamaKatuba
Asanteni sana. Maswali mawili: wawili wakubwa wanataka kazi ya kuingiza pesa, na tuna wasichana watatu, tunaogopa usalama wao.

YayaKenya
Kazi kwanza. Asiyejua kuhesabu anaweza kufunga karanga au mikate kumi kumi: chukueni ubao, choreni duara kumi, kila duara kitu kimoja, duara zikijaa, anamimina kwenye mfuko. Pesa yake ipite mkononi mwake mwenyewe, hata akinunua soda yote siku hiyo.

Usalama: asiwepo msaidizi peke yake na kijana kwenye mlango uliofungwa. Wa kuoga na choo wasaidiwe na mtu wa jinsia yao. Wafundisheni viungo vyote vya mwili kwa majina yake, na ishara ya "hapana" ambayo inaheshimiwa hata anapokataa chai tu, kwa sababu asiyewahi kusikilizwa kwenye chai hatajaribu kukataa mkono wa mtu mbaya. Kukitokea unyanyasaji, hospitali kabla ya saa 72 kwa dawa ya kuzuia virusi vya ukimwi. Nguo zisifuliwe.

PapaAvenyu
Mama, msisahau karatasi za serikali. Kongo iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa haki za watu wenye ulemavu mwaka 2015. Kifungu cha 19 kinahusu kuishi ndani ya jamii, ndicho mnachofanya. Pia tuna sheria ya kulinda haki za watu wenye ulemavu, namba 22/003 ya tarehe 3 Mei 2022. Toeni kopi yake mwende nayo kwa shefu wa kartiye, na kwenye diviziyo ya mambo ya kijamii. Kijana asiye na cheti cha kuzaliwa ashughulikiwe mapema: muda wa kutangaza ni siku 90 tangu kuzaliwa, baada ya hapo inabidi hukumu ya korti, na inachukua muda.

MsaidiziRuashi
Na mkitumia picha za kufundishia, zibandikeni skochi (utepe wa gundi) pana pande zote mbili mpaka ipite ukingo wa karatasi. Mvua za Desemba hazisamehi karatasi.