Mama ana COPD: atembee au apumzike?

Wakuu, habari zenu. Naombeni ushauri. Mama ana miaka 63, kabanika sangara kwa kuni pale Igombe miaka 20. Sigara hajawahi kugusa. Alipimwa kwa kupuliza kwenye mashine, akaambiwa ni COPD (ugonjwa sugu wa mapafu unaobana njia za hewa), si TB. Ana dawa ya kuvuta, salbutamol, na kuni tumeacha, tunapikia gesi.

Shida ni mlima. Tunakaa Bugarika juu, na zile ngazi za mawe anasimama mara nne, kashika kiuno, midomo kaibana kama anapoza chai. Daktari kasema atembee kila siku. Shangazi naye (mkali huyo!) hataki hata afagie.

Aanzeje mazoezi bila kuzidiwa? Na mtaalamu wa fiziotherapia ya mapafu hapa Mwanza nampata wapi?