Katuni za zamani za Kijapani: nichukue zipi mbili kati ya hizi tatu?

Mchumi wa Magomeni
Wakuu habari zenu. Braza yuko Osaka, anarudi mwisho wa mwezi. Kaniambia nimtajie muvi mbili tu, begi limeshajaa. Za studio ya Ghibli nimezimaliza, ile Akira nimeiona, sasa nataka zile za kale ambazo hazitajwi tajwi. Nimebakiwa na hizi:

Tenshi no Tamago (1985)
Ginga Tetsudō no Yoru (1985)
Taiyō no Ōji Horusu (1968)

Zipi mbili? Anataka jibu kabla ya Jumapili.

Nyani Mzee
Unaangalia na nani? Peke yako, na shemeji, au na watoto? Deki yako ya aina gani? Kijapani unakielewa? Umeuliza nauli bila kusema unakwenda wapi.

Bi Kirembo
Horusu, wala usijiulize. Ndiyo filamu ndefu ya kwanza Isao Takahata kuiongoza, na Hayao Miyazaki, mwenzake wa Ghibli baadaye, yumo humo humo, kijana, anachora na kutoa mawazo. Wote wawili walikuwa wanaharakati wa chama cha wafanyakazi pale studio ya Toei, na ukiiangalia unaiona harufu yake: kijiji ndicho kinachopigana, shujaa peke yake hafui dafu. Walianza 1965, ikatoka 1968, mabosi wameshachoka kusubiri. Kwenye sinema ikakaa siku 10 tu ikashushwa.

Halafu kuna Hilda. Msichana anaimba vizuri mpaka wanakijiji wanaacha kazi wanakaa kumsikiliza, na huku yeye ndiye katumwa kuwaangamiza. Mwangalie uso wake anapotaka kutabasamu akashindwa. Mwaka 1968 hiyo!

Ukuta wa Kale
Dada Kirembo, mwambie mwenzio yote. Mbwa mwitu wanapovamia kijiji, picha ZINASIMAMA. Kamera inapita juu ya michoro iliyoganda, sauti za watu zinapiga kelele. Wakija panya, hivyo hivyo. Nilidhani faili langu bovu.

Bi Kirembo
Zimeganda kwa sababu muda na hela vilikwisha, hilo linajulikana. Mbona husemi dakika za mwanzo, Horusu anavyowazungushia mbwa mwitu shoka lenye kamba, kisha lile jitu la mawe linainuka kutoka ardhini na upanga umelichoma begani kama mwiba? Onyesha katuni ya siku hizi yenye mwanzo ule.

Ukuta wa Kale
Mwanzo mzuri hauli ugali, dada yangu. Mimi nasema Ginga Tetsudō. Hadithi ya Kenji Miyazawa, aliyefariki 1933 kabla haijachapishwa. Mwongozaji Gisaburō Sugii, muziki wa Haruomi Hosono. Wahusika wamekuwa paka, treni inapita kwenye nyota, maandishi ya vituoni ni Kiesperanto, ile lugha ya kubuni. Inakwenda taratibu, usiiangalie ukiwa na usingizi. Lakini ukijua kwamba abiria wenzake yule paka mhusika mkuu ni marehemu na rafiki yake alizama mtoni akimwokoa mwenzao, kila kitu kina…

Wa Likoni
Wewe!!! Ndio umemaliza filamu hivyo?

Ukuta wa Kale
Hadithi ina miaka 90 hiyo, mnataka nifiche nini?

Wa Likoni
Mtu anauliza ainunue au asinunue, nawe unammwagia mtama wote. Ningekuwa karibu ningekutoza bei ya hiyo diski.

Kijana wa Raskazone
Tenshi no Tamago. Mamoru Oshii kaongoza, michoro ni mkono wa Yoshitaka Amano, yule aliyekuja kuchora gemu za Final Fantasy. Dakika 71, maneno machache sana. Msichana kabeba yai tumboni chini ya nguo, anazunguka kwenye mji usio na watu, anajaza maji kwenye chupa. Anakutana na mwanamume mwenye silaha kama msalaba. Basi.

Lakini sisi watu wa Tanga ile filamu ni yetu. Usiku wanatokea wavuvi na vyusa, wanakimbiza vivuli vya samaki vinavyopita kwenye kuta za nyumba. Wanarusha, chusa zinagonga ukuta, zinavunja vioo, kivuli kinapita tu. Uangalie huo mkia na hayo mapezi yenye mikono: ni SILIKANTI! Samaki wetu wa hapa! Nilisimama kwenye kiti.

Wa Likoni
Hiyo nimeiona. Ukimwekea DJ Afro, yule anayetafsiri muvi kwa mdomo, hiyo filamu atasema nini? Nusu saa msichana anatembea na yai. Hata yeye ataomba maji ya kunywa.

Kijana wa Raskazone
Si kila kitu cha kibanda umiza.

Wa Likoni
Kibanda umiza ndiko sote tulikojifunza kuangalia filamu, usijifanye umezaliwa Cannes.

Kijana wa Raskazone
Cannes wenyewe waliionyesha 2025, ilipotengenezwa upya kwa 4K, picha safi zaidi. Kwa hiyo mleta mada, mwambie braza aulizie toleo hilo jipya, asije akakuletea la zamani.

Mama Wawili
Mimi natoa tahadhari tu, maana naona hakuna aliyejibu swali la Nyani Mzee la watoto.

Huku kwetu Unguja, mkesha wa Sikukuu ya Mfunguo Tatu, binamu yangu kaja na flashi. Kasema kawaletea watoto katuni ya kondoo, nzuri, fupi, haifiki hata saa. Chirin no Suzu, 1978, ya Sanrio, hao hao wenye Hello Kitty. Ukiona picha ya mbele: kakondoo keupe, kengele shingoni, vipepeo. Wanangu na watoto wa jirani wakajipanga kwenye mkeka. Mimi niko jikoni natwanga viungo vya pilau, nasikia wanacheka, nikasema alhamdulillahi leo nitapumua.

Mara kimya. Halafu kilio. Nakwenda, nakuta mbwa mwitu kaingia zizini, mama kondoo kamlalia mwanawe kumkinga, kauawa pale pale, mtoto anajitoa chini ya maiti anamwita mama. Binamu anasema ngojeni, mbele itakuwa nzuri. Mbele kondoo anapanda mlimani kwa yule yule mbwa mwitu kumwomba amfundishe ukali! Anakua, anaota pembe, sura inabadilika hata humjui. Wanarudi wawili kuvamia lile zizi alilozaliwa. Mwisho wake sisemi, nisije nikagombezwa kama Ukuta wa Kale, ila furaha haimo.

Na uani, wakuu, kondoo wetu wa kesho yake kafungwa kwenye mwembe, analia mee.

Sikukuu ile nyama ililiwa na wakubwa tu. Mwanangu wa mwisho alikwenda kumfungua kondoo kamba usiku, baba yake akamkuta kashika fundo. Binamu yangu hadi leo akija wanamuuliza kaleta flashi.

Nyani Mzee
😂😂 Mama Wawili umeniua. Lakini ile filamu ni kubwa. Hadithi ya Takashi Yanase, yule wa katuni ya watoto ya Anpanman.

Mama Wawili
Ukubwa wake kaangalie kwako.

Mchumi wa Magomeni
Nimesoma wote, ahsanteni. Naangalia na wanangu, mkubwa yuko darasa la nne, mdogo la kwanza. Deki ni ya DVD, ya siku nyingi. Kijapani hapana, Kiingereza kidogo watoto wanasoma.

Nyani Mzee
Sasa ndiyo tunaanza upya. Nisikilize vizuri.

Kwanza, DVD za Japani ni ukanda namba 2, sisi huku ni namba 5. Deki nyingi za Kichina za bei poa zinasoma zote, lakini nyingine zinakuandikia kosa tu, hata ufute diski kwa kanga. Pili, akikuletea Blu-ray, deki yako haiisomi kabisa. Hata ukinunua mashine ya Blu-ray, Japani ni kanda A na Afrika ni kanda B. Tatu, na hili ndilo linaloumiza watu: diski za soko la Japani nyingi hazina maandishi ya Kiingereza chini. Mtu analipa hela nyingi, boksi zuri, kijitabu ndani, halafu anakaa kuangalia midomo. Braza ageuze kasha asome nyuma kabla ya kulipa.

Ukitaka ya watoto, tupa hizo tatu zote. Chukua Sero Hiki no Gōshu, Takahata, 1982, dakika 63. Mpiga sero asiyejua kupiga, kila usiku mnyama anagonga mlango: paka, ndege kekeo, mtoto wa tanuki (mnyama wa Kijapani wa jamii ya mbwa), panya na mwanawe mgonjwa. Wachoraji wa Oh! Production waliifanya kwa miaka huku wakiwa na kazi nyingine za kuwalisha. Muziki ni Beethoven, simfonia ya sita. Maneno si mengi, hata bila maandishi watoto wataelewa.

Bi Kirembo
Takahata tena! Nilisema mimi.

Ukuta wa Kale
Hadithi ya Miyazawa tena! Nilisema mimi.

Mchumi wa Magomeni
Kwa hiyo Gōshu na nini?

Bi Kirembo
Na Horusu.

Kijana wa Raskazone
Na Tenshi. Watoto walale kwanza.

Mzee wa Jarife
Samahani kuingilia, mimi za katuni sijui. Huyo silikanti mnayemsema nimemwona kwa macho, miaka ile ya 2004 hivi walipoanza kuingia kwenye majarife huku Tanga. Kila mtu anauliza samaki gani huyu, ana miguu. Wazungu walikuwa wanajua kafa zamani na madinosari, mpaka alipopatikana Afrika Kusini 1938. Hao wa kwenye filamu wanamvua wamle?

Kijana wa Raskazone
Hawampati, mzee. Vivuli tu.

Mzee wa Jarife
Bora. Ana mafuta mabaya, akila mtu tumbo linaendesha.

Wa Likoni
Wangazija wanamwita gombesa, nao hawampendi kwa kula.

Mama Wawili
Kwani sasa akiingia kwenye jarife mnaruhusiwa kumchukua, au ndiyo hifadhi?

Mzee wa Jarife
Hifadhi ya bahari ipo tangu 2009, kwa jina lake mwenyewe. Lakini jarife halisomi mabango, bibie. Linatupwa chini kabisa kwa ajili ya papa, na chini ndiko anakokaa.