Mjadala: Bei ya pombe ifuate kilevi kilichomo?

Mpima Kilevi: Serikali nyingi zinakimbilia kufunga baa mapema, bei zinaiacha ilivyo. Chupa ya bia ya mililita 500, asilimia 5, ina mililita 25 za alkoholi tupu, kama gramu 20. Kiroba, yaani kifuko cha plastiki cha pombe kali, cha mililita 100, asilimia 40, kina gramu 32. Kodi ikitozwa kwa lita, kiroba kinalipa moja ya tano ya bia na kinalewesha zaidi. Scotland tangu Mei 2018 hairuhusu kuuza chini ya peni 50 kwa kila mililita 10 za alkoholi. Septemba 2024 wakapandisha hadi 65. Tuige hapo.

Sheria Kwanza: Viroba si vilipigwa marufuku Tanzania 2018? Nani aliacha kunywa? Mlevi dawa yake ni kunyimwa. Mfungie ndani siku tatu, anatoka mzima.

Nesi wa Zamu: Siku tatu hizo ndizo zinazoua! Mnywaji mzito wa kila siku ukimkatisha ghafla, ndani ya saa chache mikono inatetemeka, jasho linamtoka. Degedege inaweza kuja ndani ya saa 48 za mwanzo. Kati ya saa 48 na 72 wengine wanaweweseka, wanafukuza wadudu wasiokuwepo. Anahitaji diazepamu, dawa ya kutuliza, inayopunguzwa kidogo kidogo, na sindano ya vitamini B1 pamoja na dripu ya glukosi au kabla yake. Glukosi peke yake inamaliza B1 iliyobaki, ubongo unaumia.

Sheria Kwanza: Nimezungumzia sheria, wewe unanifanya muuaji. Soma kabla hujajibu.

Nesi wa Zamu: Nimesoma. Umeandika "mfungie".

Bibi Pipa: Marufuku ya viroba ilikuwa 1 Machi 2017, ndugu, siyo 2018. Na wewe Mpima, ukipandisha bei watu watahamia gongo, wafe kwa ile inayotangulia kutoka mtamboni.

Fundi Mtambo: Bibi, hapo sikubali. Inayotangulia ina methanoli, ile alkoholi ya sumu, kidogo tu. Vifo vya watu wengi kwa mpigo huja pale muuzaji anapochanganya methanoli ya viwandani kuongeza makali. Ini linaigeuza asidi ya fomiki, inashambulia mshipa wa jicho. Mtu analewa kawaida, kesho yake anaona ukungu mweupe. Kuvunja mitungi ya wapishi wa gongo hakuligusi pipa la methanoli ya viwandani. Fuata leja, daftari la hesabu: kiwanda kimeagiza lita ngapi, kimetumia ngapi, zilizopungua ziko wapi.

Bibi Pipa: Leja anaandika mwenye pipa mwenyewe!

Fundi Mtambo: Ndiyo maana unalinganisha na karatasi za forodha, na unapima tangi kwa kijiti.

Mpima Kilevi: Jamani, nilianza na bei. Gramu 32 kwa 20, hakuna aliyenijibu.

Nesi wa Zamu: Bei sina ugomvi nayo. Ninachopinga ni amri ya ghafla. Kerala, India, 2020 maduka yalipofungwa kwa korona, serikali ilitaka wenye arosto, yaani wanaoumwa kwa kukosa pombe, wauziwe pombe kwa cheti cha daktari. Madaktari wakapinga, Mahakama Kuu ikasitisha. Sheria Kwanza, siku ya kufunga baa, diazepamu iwe imeshafika zahanati. Andika hilo kwenye sheria yako, na andika nani ataileta.