Fidia ya ndege kuchelewa: programu inasaidia au ni udalali tu?

Kijana wa Usagara: Wakuu, ukitoka Amsterdam kuja Dar ukafika umechelewa masaa manne au zaidi, sheria ya Ulaya namba 261 ya mwaka 2004 inakupa euro 600. Sasa kuna programu za simu: unaingiza namba ya safari, zinakudaia, kisha zinakata asilimia kama 35. Kesi ikifika mahakamani, karibu nusu imekwenda. Huo ni udalali! Fomu ya shirika lenyewe ni bure. Tatizo la Mbongo ni uvivu wa kuandika.

Mama Leiden: Uvivu? Niliandika mwenyewe, kwa Kiholanzi. Nikajibiwa "hali isiyo ya kawaida", basi. Nilipowapa wenye programu, pesa ilitoka. Lifute neno hilo.

Fundi Mitambo: Hali isiyo ya kawaida, ile inayoliondolea shirika deni la fidia, ni kama dhoruba. Hitilafu ya kawaida ya ndege haimo, Mahakama ya Ulaya iliamua tangu 2008. Programu zina kumbukumbu za hali ya hewa na za safari nyingine. Shirika likisingizia mvua, zinaona wenzake waliruka saa ileile. Abiria atayatoa wapi hayo?

Kijana wa Usagara: Mama, sikukutaja. Ila euro 210 kwa barua moja!

Mama Leiden: Barua yangu ilileta sifuri. Wao wameniletea 390. Piga hesabu mwenyewe.

Msukuma Halisi: Nyie wa majuu mnagombania euro. Sisi wa Dar–Mwanza tukishinda uwanjani mpaka usiku, tutumie programu gani?

Bi Rehema: "Wa majuu" tunapanda ndege hizo kuja kuzika wazazi wetu. Mimi nilikuta kaburi limeshafukiwa. Usitusemee hivyo.

Msukuma Halisi: Pole sana dada. Sikukusudia msiba wako. Lakini swali langu bado halijajibiwa.

Fundi Mitambo: Sheria hiyo haikuhusu, mkuu. Inamlinda anayeondoka Ulaya kwa shirika lolote, au anayekwenda huko kwa shirika la Ulaya. Hata ukitoka Dar kwenda Paris kupitia Doha na shirika la Ghuba, haikulindi.

Bi Rehema: Na muda wa kudai je? Yangu ilianzia Brussels, miaka miwili iliyopita.

Fundi Mitambo: Ubelgiji ni mwaka mmoja. Ingekuwa Ujerumani, miaka mitatu.

Bi Rehema: Basi imeshapita. Mngetuambia mapema.

Msukuma Halisi: Ndiyo maana sitaki programu ya kudai. Nauli nililipa kwa simu, shirika lina namba yangu, na linajua ndege yake imetua saa ngapi. Kwa nini sheria yetu isililazimishe kunirushia pesa kwa namba ileile, bila mimi kuomba?

Kijana wa Usagara: Hapo nakuunga mkono. Dalali anakosa kazi.

Mama Leiden: Mwandikie mbunge wako, basi. Au nawe utaona uvivu?