Jiwe la Babu Askari

[06:12] Shangazi: Amkeni. Fundi anamimina zege Jumamosi, maneno ya jiwe la kumbukumbu la Babu Askari nayataka leo. Fremu ni sm 60 kwa 45, unene sm 8. Ukiacha sm 5 kila upande, herufi za sm 2.5 zinaingia 20 tu kwa mstari, na nafasi zinahesabiwa.

[06:13] Shangazi: Za kuchonga, si za rangi. Rangi haimalizi masika mawili.

[09:47] Shangazi: Watu 31 humu. Mmesoma nyote, naona.

[10:02] Dada: Shikamoo Shangazi. Chini ya jina: ALIFARIKI TABORA / AKIWA MATEKA WA VITA. Mstari wa pili ni 20 kamili.

[10:03] Shangazi: Marahaba mwanangu. Angalau mmoja.

[10:40] Mjomba: Mateka kivipi? Ulaya walisitisha vita 11 Novemba 1918. Von Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani huku kwetu, akaweka silaha Abercorn, Mbala ya leo kule Zambia, tarehe 25. Babu Askari alikufa baada ya hapo.

[10:52] Dada: Ndiyo hoja yenyewe Mjomba. Waliweka silaha, hawakuachiwa waende makwao. Wakatembezwa hadi Bismarckburg, yaani Kasanga, wakapandishwa meli hadi Kigoma, treni hadi Tabora, wakafungiwa kambini. Von Lettow alipinga, akasema masharti yalikuwa kuondoka nchini, si kufungwa. Waingereza hawakumsikiliza. Ndipo yale mafua makubwa yakawakuta wamebanana humo, miili imeshachoka na miaka minne ya vita. Kijana yule hakufa kwa risasi. Alikufa kwa sababu hakuruhusiwa kurudi nyumbani.

[10:55] Binamu: Herufi 20? Jina la Babu peke yake linataka jiwe la ghorofa mbili 😂

[10:56] Kaka: 😂😂 na ngazi

[10:56] Binamu: Fundi aweke na roshani

[11:01] Shangazi: Nyie! Nimeuliza mchanga nani analeta. Kwa jiwe hili: saruji robo ndoo, mchanga nusu ndoo, kokoto ndoo moja ya lita 20. Moja, mbili, nne. Mchanga uoshwe, wenye udongo haushiki. Na mtu asimame na fundi asizidishe maji, la sivyo jiwe litapasuka kabla hatujalisimamisha.

[11:20] Mama Mdogo: Kwani hayumo kwenye Sanamu ya Askari pale Dar?

[11:26] Dada: Hapana Mama. Ile ya 1927 Waingereza waliwawekea askari na wapagazi waliokuwa upande wao. Babu alikuwa wa Mjerumani. Hata walio upande ule, majina yao hayakuandikwa pale.

[11:31] Mama Mdogo: Jina lake lilikuwa kwenye ile hati ya deni la mshahara. Iliyokuwa kwenye kopo. Nyumba ya juu wanajua.

[11:33] Kaka: Tumeanza.

[11:34] Mama Mdogo: 1964 Wajerumani walileta hela za deni hilo. Nani alizichukua?

[11:50] Mjomba: Shemeji, zile zilikuwa za askari walio hai. Wengi hawakuwa hata na karatasi, wakapimwa kwa amri za gwaride. Marehemu asingelipwa. Hakuna aliyekula.

[11:51] Mama Mdogo: Basi hati iko wapi?

[11:58] Binamu: [ujumbe umefutwa]

[13:15] Shangazi: Hati baadaye. Pendekezo jingine limeletwa kwangu pembeni, mstari wa juu uwe HAPA AMELALA. Herufi 12 na nafasi. Nampelekea fundi?

[14:40] Bibi: Huyu ni mjukuu, naandika anavyosema Bibi. "Msiandike hapa amelala. Hapa halali mtu. Baba yangu alimngoja kaka yake mpaka akafa yeye, na hakuna aliyetuonyesha kaburi. Andikeni mateka. Na hati msiitafute leo."

[16:22] Dada: Tumesikia Bibi.

[16:25] Mjomba: Sawa Mama.

[17:05] Shangazi: Shikamoo Mama. MATEKA inabaki. Fremu isifunguliwe kabla ya siku mbili, na zege limwagiliwe maji asubuhi na jioni siku saba. Limebaki la mwaka: 1918 au 1919? Alifia mafua, mwezi hatuna.

[17:30] Dada: 1918–1919, yote mawili. Ni herufi 9.

[17:31] Mjomba: Mimi naona 1918.

[19:10] Shangazi: Na mchanga?

[21:48] Kaka: Nilikuwa kikaoni. Ni Jumamosi hii?