Tranziti Doha usiku na mtoto wa miaka 3, nichukue hoteli ya ndani ya uwanja au ya mjini?

mamaZuu:
Habarini wana jukwaa, wakubwa shikamooni. Nasafiri na binti yangu wa miaka 3, Dar–Doha–Manchester tunamfuata baba yake, ndo mara yangu ya kwanza kutoka nje ya nchi na hata mkanda wa ndege nitafundishwa na mtoto maana yeye kaangalia sana katuni 😅. Tiketi inasema tunatua Doha tarehe 15 saa 00:20, ya Manchester inaondoka tarehe hiyohiyo 08:40. Baba Zuu anasema tulale tu kwenye viti mbona yeye alilala, sawa ila yeye hakuwa na mtu anayeamka saa tisa usiku anadai uji. Nimeona hoteli mbili, moja imo humohumo ndani ya uwanja bei yake imenitisha, nyingine ipo mjini karibu nusu ya ile na chai ya asubuhi wanakupa. Nataka nilipie hii ya mjini, kuingia tarehe 15 kutoka tarehe 16. Af mizigo natoka nayo au? Nalipia leo jioni naombeni mnijibu mapema.

chalii_wa_R:
Dada usilipe kwanza!! Hiyo tarehe umeiweka vibaya na wengi wanaliwa hela hapohapo.

Af kabla ya bei jiulize kitu kimoja, hiyo hoteli ipo upande gani wa uhamiaji. Ile ya ndani (Oryx Airport Hotel) ipo eneo la tranziti, unashuka kwenye ndege unapita ukaguzi wa mabegi ya mkononi unaenda kulala, hakuna anayekugongea muhuri kwenye paspoti, kisheria ni kama bado uko njiani. Ya mjini lazima uingie Qatar kabisa, kwaiyo kwanza uwe na ruhusa ya kuingia, halafu foleni ya uhamiaji, teksi, kujiandikisha mapokezi, na asubuhi unarudia yote hayo kinyumenyume na mtoto begani. Piga hesabu. Umetua 00:20, mpaka uguse kitanda saa nane na nusu usiku, na saa kumi na moja uwe umeshaamka. Umelipa chumba ulale masaa mawili na nusu, hiyo chai ya asubuhi nani ataikuta?

Mizigo kama tiketi ni moja begi kubwa linachekiwa Dar mpaka Manchester, hulioni katikati. Kama ni tiketi mbili mbili umeunganisha mwenyewe hapo ni habari nyingine kabisa, tuambie.

Mpemba_Ughaibuni:
Suala la tarehe mie lishanikuta nalieleza vizuri ili mwengine asiingie.

00:20 ni saa sita na dakika ishirini usiku. Kwetu tunasema huo ni usiku wa tarehe 14 kuamkia 15, na wazee ndo kabisa, jua likizama Alhamisi ushaingia usiku wa Ijumaa. Kompyuta ya hoteli haijui hayo, yenyewe siku inageuka saa sita ya usiku basi. Sasa hoteli ya kawaida inauza USIKU, chumba cha kuingia tarehe 15 kinaanza mchana wa tarehe 15, kwa kawaida saa nane au tisa, wakati huo wewe upo angani unaelekea Manchester. Ulitakiwa uandike kuingia 14 kutoka 15 halafu uwaandikie kuwa utafika baada ya saa sita usiku wasije wakasema hukutokea. Lakini hoteli za ndani ya uwanja zinauza MASAA, huko unaandika saa unayofika kweli, yaani tarehe 15. Ni kinyume chake, ndo maana watu wanachanganyikiwa.

Mie na mke wangu mji mmoja wa Ulaya siutaji, tumefika mapokezi saa saba usiku na karatasi yetu mkononi, kijana anatwambia karibuni chumba chenu ni leo saa nane mchana. Vyumba vimejaa. Tumelala kwenye sofa pale pale mapokezi na makoti yetu, adhana ya alfajiri ikalia kwenye simu yangu watu wote wakashtuka. Na hela haikurudi.

kijana_wa_mbagala:
Masaa manane tu mnalipa chumba? Hela mnazo aisee. Hamad pale, yaani huo uwanja wa Doha, kuna vyumba vya kimya vya bure vyenye viti vya kulalia, mi nimekoroma humo mpaka nikaona aibu. Kuna na Sleep 'n Fly, ni vijumba vya kulala unalipia kwa saa. Na kwanini hukupanda Ethiopian, tranziti ikiwa ndefu na hakuna ndege ya mapema zaidi ya kuunganisha wanakupa hoteli wenyewe, ukibahatika wanakutupa Skylight ambayo ni yao. Emirates nao wana mpango kama huo Dubai. Na raha ya Addis saa zao kama zetu, mwenyeji akikwambia saa mbili asubuhi ni saa mbili hii hii yetu, japo tiketi inaandikwa kizungu.

shangazi_kaja:
@kijana_wa_mbagala wewe ulikoroma peke yako mwanangu. Kwenye chumba cha kimya mtoto wa miaka 3 akianza "mama nataka uji" utaangaliwa na watu arobaini.

mamaZuu mdogo wangu, mimi nimepita pale na wawili. Chukua cha ndani ila usichukue masaa yote 8. Toa saa moja ya kushuka na ukaguzi, na asubuhi toa kama saa moja na nusu, uwanja ni mkubwa na geti linaweza kuwa mwisho wa dunia. Kwaiyo masaa matano matano na nusu yanatosha na bei inashuka. Waambie mapokezi wakuamshe, simu ya mtu aliyechoka haiaminiki. Akiamka mapema kampelekeni kwenye yule dubu mkubwa wa njano mwenye taa kichwani, na kuna bustani ya miti ya kweli ndani ya jengo, wangu walikataa kuondoka.

Kikubwa begi la mkononi, maana lile kubwa halifunguliwi mpaka Manchester. Weka nguo mbili za mtoto, dawa, mswaki, sweta (kiyoyozi cha pale hakina utani), unga wa uji kwenye chombo kikavu maji ya moto utaomba, kadi ya chanjo. Na kanga mbili. Usinicheke, kanga ni shuka, ni taulo, ni mbeleko.

Na uliza na shirika lako kama wana hoteli ya tranziti kwa tiketi yako, uliza KABLA ya kulipa, ukishalipa mwenyewe hawakurudishii.

mamaZuu:
Jamani asanteni, nimetetemeka kidogo maana kadi ya benki ilikuwa mkononi 🙈. Nimepiga simu, tiketi ni moja na begi linaenda moja kwa moja, hoteli ya bure kwa tiketi yangu hakuna. Nimechukua cha ndani tarehe 15 kuanzia 01:30 hadi 07:00. Baba Zuu kanuna ila kachangia. La mwisho, kigari cha mtoto nakipata Doha au nacho kinalala na mizigo?

shangazi_kaja:
Uliza Dar kaunta ya kuchekia, waambie wakiandike tegi kisha wakwambie kwa mdomo kinatokea wapi. Mimi changu kilitokea mwisho wa safari, Doha nzima nikatembea na mtu mgongoni. Ndo nikakwambia kanga mbili.

mamaZuu:
😂😂 naweka tatu.